Kabla ya kupanda jukwaani, itazameni The Band Wagon

Vikundi vya maigizo ninavyoviongoza huitazama filamu hii kwanza, mswada huja baadaye. Ni ya kampuni ya filamu ya MGM, ya mwaka 1953, imeongozwa na Vincente Minnelli. Ni ya vichekesho, nyimbo na dansi, lakini sijaona nyingine ya Hollywood inayoonyesha wazi namna hii jinsi onyesho linavyoharibikia mikononi mwa watu wenye vipaji vya kweli.

Tony Hunter, anayechezwa na Fred Astaire, ni nyota aliyechuja. Marafiki zake wawili, mtu na mkewe, wamemwandikia mchezo mwepesi wa kuchekesha. Wanaupeleka kwa Jeffrey Cordova, mwongozaji anayesifiwa New York nzima, naye anaamua kwamba ndani yake mna kisa cha Faust, yule aliyeiuza roho yake kwa shetani. Hapo ndipo moshi na moto vinapoingia, na mitambo ya jukwaa inapanda na kushuka hadi waigizaji hawajui wasimame wapi. Usiku wa kwanza, mjini New Haven, watazamaji wanatoka kama watu waliotoka mazikoni.

Kwa hiyo kabla sijagawa nafasi, huwauliza mwandishi, mwongozaji na mpiga muziki, kila mmoja peke yake: mtazamaji akirudi nyumbani awe na hali gani? Mmoja akisema awe anacheka na mwingine akisema awe anatetemeka, mazoezi hayaanzi. Tukae kwanza. Waandishi wale hawakuwa wajinga. Bidii ya Cordova iliwazoa, na wafadhili walikuwa wamekwisha kuvutiwa. Fedha ikishaingia, kusema "hapana" kunakuwa kugumu sana.

Angalieni pia kwamba New Haven si New York. Zama hizo maonyesho ya Broadway, yaani ya majumba makubwa ya maigizo ya New York, yalijaribiwa kwanza katika miji mingine, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nanyi tafuteni New Haven yenu: ukumbi wa shule, wilaya ya jirani, popote ambapo waliokaa vitini si mama zenu na shangazi zenu. Ndugu atapiga makofi hata pazia likianguka. Kaeni nyuma, muwatazame watu badala ya jukwaa, na mwandike ni wapi wanaanza kujigeuzageuza.

Wale wawili wanaocheza pamoja na hawaelewani, msiwafokee. Tony na Gaby, yule mcheza baleti anayechezwa na Cyd Charisse, wanaogopana tangu siku ya kwanza: yeye ana wasiwasi na urefu wa binti, binti anatishwa na jina lake kubwa. Kinachowapatanisha ni matembezi ya usiku katika bustani ya Central Park, ambako wanacheza bila kuimba wala kusema neno. Mimi huwatoa wawili kama hao nje ya ukumbi, wakafanye hatua zao uwanjani pasipo mtu wa kuwakosoa.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote inakuja baada ya anguko. Tony anasema mchezo urudishwe ulivyoandikwa, na anauza picha zake za thamani ili kuugharamia. Cordova angeweza kuondoka na hasira zake. Badala yake anaomba abaki, awe chini ya Tony, na mbele kidogo wanacheza pamoja, wawili tu, kwa mwendo wa taratibu na kofia ndefu kichwani. Nimeongoza watu wengi wenye uwezo, na wanaoweza kufanya alivyofanya Cordova ni wachache mno. Ukimpata mmoja, mpe nafasi nzuri.

Itazameni wote, pamoja na washonaji wa maleba na vijana wa taa. Simamisheni filamu pale wachezaji wanapokusanyika katika chumba cha hoteli baada ya New Haven, kisha mwacheni mdogo kuliko wote aseme kwanza angebadilisha nini.