Kwa nini mwanga, wakati mita ya ukinzani ipo?

SWALI: Nimesoma kwamba fuwele ya TaAs (tantali na arseniki) ikiwekwa kwenye uga sumaku ulio sambamba na mkondo wa umeme, ukinzani wake hushuka, na kwamba huo ndio ushahidi wa anomali ya kwanta. Kama waya nne na mita zinatosha, leza za nini?

JIBU: Hazitoshi, ndugu yangu. Wazo lenyewe ni sahihi. Wanafizikia Nielsen na Ninomiya walilitabiri mwaka 1983: uga wa umeme ukiwa sambamba na uga sumaku, elektroni za "mkono wa kulia" (ambazo spini yao, yaani mzunguko wao wa ndani, hufuata mwelekeo wa mwendo) huhamia upande wa "mkono wa kushoto" (ambazo spini yao huelekea kinyume), ingawa kwa hesabu za kawaida kila kundi lingebaki na idadi yake; huko kuvunjwa kwa hesabu ndiko anomali. Kurudi huchukua muda, hivyo mkondo hupita kwa urahisi zaidi.

Tatizo ni waya. Katika fuwele ambayo elektroni zake ni nyepesi sana, uga sumaku mkali huziba njia za pembeni. Mkondo unaoingia kwa nukta ndogo ya gundi ya fedha hautawanyiki. Hupita katikati kama maji ya mpira wa bustani. Waya za volti zilizo pembeni husoma volti ndogo, nawe unashangilia ukinzani kushuka kumbe mkondo umezikwepa tu. Wengi wamenaswa hapo.

Mwanga wa terahezi (usioonekana, kati ya mawimbi ya redio na infraredi), unaotengenezwa kwa leza, hauhitaji gundi. Unapitishwa kwa kukingama na uga sumaku, kisha wewe unageuza mwelekeo wa mtetemo wa uga wake wa umeme. Mtetemo ukiwa sambamba na uga sumaku, elektroni za kawaida hazisukumwi pembeni, kwa hiyo mwitiko wao haupaswi kubadilika sana. Ukichora upitishaji umeme wa fuwele dhidi ya masafa ya mwanga, na kilele chembamba kikichomoza karibu na masafa sifuri na kukua kadiri uga unavyoongezwa, hapo kuna la kuzungumza. Tena upana wake unakuambia elektroni hukaa muda gani kabla ya kurudi upande wao, jambo ambalo mita haikupi kabisa. Cd3As2 (fuwele ya kadimi na arseniki) imeshapimwa hivi.

Geuza mtetemo nyuzi 90 na urudie. Huko mabadiliko makubwa ni ya kawaida, hayathibitishi kitu, ila yatakuonyesha kama kichujio chako cha mtetemo (kinachopitisha mwelekeo mmoja tu) kinavujisha. Mimi huanza na hilo. Asilimia chache za mtetemo usiotakiwa zinatosha kukutengenezea "anomali" ya bure. Pima pia kishikio kitupu, bila fuwele, katika kila uga: madirisha ya jokofu nayo huzungusha mwanga.