Tonses za mtoto: kisu, umeme au koblesheni?

Dada uliyeuliza mwanao wa miaka minne anayekoroma na kukata pumzi usingizini atolewe tonses (zile nyama mbili za kooni) kwa njia ipi, wangu wote wawili walishatolewa tonses, wa kwanza kwa kisu cha kawaida, wa pili kwa umeme, kwahiyo hizo nimeziuguza mwenyewe.

Kwa kisu daktari anabandua tonses halafu mishipa anaifunga kwa uzi au anaibana, damu inatoka zaidi pale mezani ila kidonda hakijaungua. Umeme unakata na kuziba mishipa hapohapo, sema ule moto unagusa na nyama za jirani, sasa maumivu mnakuja kuyakuta nyumbani. Wa pili alikuwa anashika sikio analia, bibi yake anataka atiwe mafuta ya vitunguu, kumbe sikio halina shida, neva inayotoka kooni inapita na huko. Koblesheni ndo njia ya tatu, inatumia maji chumvi na mawimbi ya redio, joto lake digrii 40 mpaka 70 hivi wakati umeme unapita 400, kwahiyo haiunguzi sana, ila kile kifaa ni cha kutumia mara moja na bei yake imechangamka. Kuna na ile ya kunyoa nyama za tonses na kuacha utando wake wa nje, mtoto wa kukoroma kama wako iulizie hiyo, maumivu kidogo na damu kidogo, japo mara chache nyama huota tena.

Mimi lakini ningemuuliza daktari ipi anaifanya kila wiki, nimuachie hiyohiyo.

Kazi iko nyumbani aisee. Siku mbili za mwanzo anacheza unasema tumepona, kuanzia ya tatu mpaka ya saba ndo anagoma hata mate kumeza. Panadol ya maji mpe kwa kufuata ratiba aliyokupa daktari, kwa kipimo cha uzito wake, usisubiri alie, hata usiku muamshe. Kodeini (dawa kali ya maumivu) chini ya miaka 12 hapana, aspirini hapana. Maji anywe hata kwa kijiko, uji upoe kwanza. Ule weupe kooni na harufu mbaya ni kidonda kinapona, sio usaha.

Cha kuogopa ni damu, hasa siku ya 5 mpaka ya 10 ganda la kidonda likibanduka. Ukimuona amelala anameza-meza tu, mulika mdomoni na tochi ya simu, ukikuta damu mbichi au akitapika damu nyeusi usingoje asubuhi, mkimbize, tena uwe umeshaulizia mapema ni hospitali gani ya karibu inafungua theatre usiku.