Hela ya Chakula Ikiwa Ndogo, Anza Kupanga Mboga

Hela ya matumizi ikipungua, kitu cha kwanza kukatwa kwenye nyumba nyingi ni mboga. Ugali unabaki mkubwa vilevile, pengine unaongezwa, halafu pembeni kinawekwa kibakuli cha mchuzi wa nyanya wa kuchovyea. Watoto wanashiba, wanalala, siku imepita. Mimi naishi Mbagala, nyumbani tuko sita, na mume wangu ni fundi ujenzi ambaye kazi zake hazina ratiba. Kuna wiki tunakula kwa shilingi 10,000 kwa siku, kuna wiki haifiki hapo, na mkaa umo humohumo. Mama mwenzangu akiniuliza nafanyaje, namjibu kwamba naanza kupanga mboga. Unga unafuata baadaye.

Kushiba ni jambo moja, na mwili kupata unachohitaji ni jambo lingine. Tazama Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa wa Iringa ulikuwa juu kabisa, zaidi ya nusu ya watoto. Mahindi huko yapo. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini mojawapo tunaijua sisi tunaopika: mtoto anajazwa uji mweupe na ugali, vya kujenga mwili anapata kwa bahati. Hilo linaniumiza, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana kingeweza kupatikana kwa hela ileile.

Mboga kuu nyumbani kwangu ni jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi. Ukipima kabla ya kupika, kilo ya maharage makavu ina protini inayolingana na ya kilo ya nyama ya ng'ombe, au hata kuizidi kidogo, na bei yake haikaribii ya nyama. Halafu maharage na mahindi vinasaidiana, kinachopungua kwenye kimoja kipo kwenye kingine. Ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko watu wanavyokidhania, na sisi tuliolelewa na Wapare hatuhitaji kubembelezwa. Mseto wa mchele na choroko nao ni hivyohivyo.

Shida ya maharage ni mkaa. Bei yake halisi ni bei ya sokoni pamoja na mkaa unaoyaivisha, na wengi hawauhesabu. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, funika sufuria. Muda wa kuiva unapungua sana, na tumbo halijai gesi kama ungeyapika makavu. Magadi siweki. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, hasa B1, na kuloweka kunafanya kazi ileile bure. Napika kilo nzima kwa mpigo, bila kitunguu wala nazi, kisha naunga sehemu ya siku hiyo tu. Yaliyobaki nayachemsha tena jioni na asubuhi, kwa sababu sina friji na joto la Dar halisamehe. Ukitia nazi kwenye sufuria zima, kesho yake yamechacha. Wiki ambayo mkaa umepanda, nahamia choroko, maana zinaiva upesi.

Baada ya hapo, dagaa. Dagaa wakavu ni zaidi ya nusu protini kwa uzito wao, na kwa kuwa tunawatafuna na mifupa, mtoto anapata madini ya chokaa kwa wingi, yale ambayo wenzetu wanayatafuta kwenye maziwa. Wa Mwanza ni rahisi kuliko wa Kigoma na lishe yao haipungui kwa sababu ya bei. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, ndipo uwaunge kwa nyanya na kitunguu. Kwa mtoto aliyeanza kula, nawatwanga mpaka wawe unga laini, nachanganya kijiko kwenye mboga yake ya majani au kwenye viazi vilivyopondwa. Nasikia watu wakisema dagaa ni chakula cha shida. Natamani wangeacha kusema hivyo mbele ya watoto.

Kuhusu unga, nanunua dona. Sembe imeondolewa ganda na kiini, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini, mafuta na nyuzinyuzi za mahindi. Dona haikai muda mrefu, yale mafuta ya kiini yanachacha, kwa hiyo nanunua kidogo kidogo. Ukiweza kununua mahindi mwenyewe, yachambue kwa makini kabla ya kupeleka mashineni. Punje iliyoota ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi usiihurumie, hata kama umeilipia. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nazo ni hivyohivyo, hasa zile zilizosagwa tayari ambazo huwezi kujua zilikuwaje.

Majani sinunui kila siku. Nina magunia manne ya udongo nyuma ya nyumba, nimepanda matembele. Ukipata vipande vya mashina kwa jirani, vichomeke kwenye udongo wenye samadi, umwagilie maji uliyooshea mchele, na baada ya wiki chache unachuma. Osha majani kabla ya kuyakata, yapike muda mfupi, na maji yake usiyamwage. Tia mafuta kidogo au karanga, kwani vitamini A iliyomo kwenye majani, kama ilivyo kwenye boga na viazi lishe, haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kisamvu peke yake ndicho kisichotaka haraka: kitwange, kichemshe sana, kwa sababu kibichi kina sumu.

Kamulia ndimu. Sisemi kwa ajili ya ladha tu. Madini ya chuma ya kwenye maharage na majani mwili unayachukua kwa shida, na ndimu, chungwa au kipande cha papai kwenye mlo huohuo kinasaidia sana. Chai inafanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi juu ya chakula kinazuia chuma kisiingie, kwa hiyo kwetu chai inakaa mbali na mlo, na watoto wadogo hawapewi. Kwa nyumba yenye mjamzito au binti aliyevunja ungo, hili lina uzito kuliko kununua nyama mara moja kwa mwezi.

Asubuhi ya maandazi na chai ya sukari nimeiondoa, ikabaki ya uji. Uji wa dona au ulezi na karanga ulizochambua na kusaga mwenyewe, vijiko viwili vitatu, unazotia wakati wa kupika. Ule unga wa lishe wenye nafaka kumi ndani ya mfuko mmoja siushauri. Wingi wa nafaka hauongezi cha maana, na karanga zikichanganywa kwenye unga zinachacha mapema. Soya usisage mbichi kabisa. Inatakiwa ichemshwe au ikaangwe kwanza, la sivyo inazuia mwili kutumia protini yake yenyewe.

Hela ya haya yote inatoka wapi? Kwangu imetoka kwenye sukari, soda za wageni, viungo vya pakiti na mafuta ya kupima. Hayo mafuta ya kupima, na sukari ya robo, na mchele wa nusu, ndiyo yanayotumaliza sisi wa kipato cha kila siku. Aliye na kidogo ndiye anayelipa bei kubwa zaidi kwa kila kijiko. Sisi majirani watano tunachangishana kila Jumamosi. Mmoja anakwenda soko la Temeke Stereo au Buguruni, analeta maharage na vitunguu kwa debe, dagaa kwa kisado, tunagawana hapohapo uani. Kuanzia Juni hadi Agosti, mavuno yakishaingia, tunajikaza tuongeze mchango tununue mahindi ya akiba, kwa sababu bei ya Januari na Februari tunaijua.

Kuna jambo la sinia ambalo lazima niliseme. Wakila wote pamoja, mkubwa anakula haraka na mdogo anabaki akipuliza tonge. Mtoto wa chini ya miaka mitano mpakulie sahani yake, mboga kwanza, na ukae naye hadi amalize. Yai likipatikana moja, ni lake. Samaki akiwa mmoja, mnofu usiende wote kwa baba kwa sababu ya desturi. Mume wangu tulikaa tukazungumza, akaelewa, na sasa ndiye anayemega wa kwanza kuwapa.

Kwa siku ambazo hela haikuja kabisa, nina kopo la choroko, kopo la dagaa waliokaushwa na kilo mbili za dona ambazo haziguswi kwa sababu nyingine. Dona hiyo naibadilisha mara kwa mara isichache. Fundi akilipwa, makopo hayo ndiyo ninayojaza kwanza, kabla sijafika kwenye mchele.