Mbwa wa kilo tatu: majibu ya maswali yenu kuhusu Maltese

Nilipotaja tu kwamba nyumbani kwangu hapa Kigoma nafuga Maltese, meseji zilimiminika kutoka Gungu, Ujiji, Kasulu mpaka Tabora. Nimechukua zile zinazowagusa wengi. Jambo moja naliweka mbele kwa sababu litarudi karibu kila jibu: huyu ni mbwa wa kilo tatu hadi nne. Chakula chake, dawa yake, hata kulala kwake, vyote vinaanzia kwenye uzito huo.

Daktari, shikamoo. Niliuziwa mtoto wa mbwa mweupe nikaambiwa ni Maltese. Sasa ana miezi mitano, masikio yamesimama na ana kilo sita. Nimeibiwa? (Gungu)

Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako, huyo si Maltese. Maltese masikio yake yanalala, yananing'inia ubavuni mwa kichwa yakiwa na nywele ndefu. Pua ni nyeusi, kingo za macho nyeusi, na mkia umepinda kuja mgongoni. Akishakua, dume husimama sentimita 21 hadi 25 begani, jike 20 hadi 23. Kilo sita kwa miezi mitano ni nyingi mno.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni nywele. Mpakate, tenganisha manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili hadi uione ngozi. Maltese ana tabaka moja tu, refu na laini kama hariri. Chini yake hakuna kitu. Ukikuta pamba nzito imejificha chini ya nywele za juu, na masikio yamesimama, basi wako ana damu ya Spitz, aina ya mbwa wa manyoya mazito. Ni mbwa mzuri, mchangamfu, ila ni mwingine. Siku nyingine kabla hujatoa hela omba umwone mama yake, umwone akinyonyesha. Muuzaji anayekuja na mtoto ndani ya boksi bila mama, mwache aende zake. Huyo uliye naye endelea kumpenda. Si yeye aliyekudanganya.

Ni kweli mbwa hawa walitoka kisiwa cha Malta? Mimi ni mwanafunzi, nabishana na wenzangu. (Mwanga)

Nyote mna haki kidogo. Jina linaelekea huko, lakini shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linasema asili yake ni bonde la kati la Bahari ya Mediterania, na Italia ndiyo inayosimamia maelezo rasmi ya aina hii. Maelezo hayo yanalihusisha jina na neno la kale la Kisemiti, *malat*, lenye maana ya kimbilio au bandari. Mzizi huohuo unaonekana katika jina la Malta, na hata katika jina la kale la kisiwa kimoja cha bahari ya Adriatiki, Meleda. Ndiyo maana wazee wa kale nao walibishana: mwandishi Plinio wa Roma alisema wametoka Meleda, Mgiriki Strabo akawahusisha na Melite iliyo karibu na Sisilia. Aristotle naye aliwataja mbwa wadogo wa Melita, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo.

Kinachonigusa mimi, mtu wa mji wa bandari, ni kazi waliyoianza. Mababu wa mbwa huyu waliishi bandarini wakiwinda panya kwenye maghala na matumbo ya meli. Baadaye ndipo wakapanda mapajani mwa mabibi wa kitajiri. Marekani walianza kuwaandikisha rasmi mwaka 1888. Kwa hiyo ukimwona Maltese wako amekaza macho kwenye pembe ya stoo, hatikisiki, mkia umesimama, usimcheke. Anafanya kazi ya ukoo.

Kitoto changu kilisafirishwa kutoka Dar. Kimefika Tabora kimelegea, kinatetemeka, hakisimami. Nifanye nini? (Tabora)

Nilimjibu msomaji huyu palepale kwa simu, narudia kwa faida ya wengine. Mtoto wa mbwa mdogo hivi hana akiba mwilini. Akikaa safari nzima bila kula, akiwa na hofu na baridi ya usiku, sukari ya damu inashuka haraka, naye analegea, anatetemeka, mwisho anapata degedege. Na nyinyi wa Tabora dawa ya kwanza mnayo kabatini: asali. Chovya kidole, mpake kwenye ufizi na ndani ya shavu. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Mfunge kwenye kanga, mweke kifuani pako apate joto. Akizinduka, baada ya dakika kadhaa mpe chakula laini kidogo, kisha nenda naye kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepona, kwa sababu kulegea kunaweza kuletwa na minyoo au parvo pia, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo. Akiwa anatapika na kuharisha damu, usisubiri hata kidogo.

Na tafadhali, msikubali kupokea kitoto cha wiki sita. Kwa mbwa wadogo namna hii, wiki 12 ndiyo salama. Baada ya hapo alishwe mara nne kwa siku mpaka akomae kidogo.

Tulikwenda shambani Uvinza wiki mbili na mbwa wetu. Sasa jicho moja limefunikwa na weupe, amevimba uso, hataki kula. Jirani ana ng'ombe na anayo dawa ya nagana. Amchome? (Kasulu)

Hapana. Jirani ana nia njema, lakini asimguse.

Kwanza ugonjwa. Misitu ya miombo ya Uvinza ina mbung'o, na jicho kuingia ukungu ni moja ya alama kubwa za nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, kwa mbwa. Nyingine ni homa inayopanda na kushuka, uso kuvimba, tezi kuvimba, ufizi kupauka. Mbwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya wiki chache. Lakini magonjwa ya kupe nayo yanaleta homa na upungufu wa damu, kwa hiyo damu ipimwe kwa darubini kwanza. Mpeleke leo.

Sasa dawa. Pakiti ya kawaida ya dawa ile imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Pakiti hiyohiyo ingetosha Maltese mia moja. Tena kwa mbwa, nafasi kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ubongo ni nyembamba mno. Haifai kukisiwa kwa jicho.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa safarini, mbwa wangu Pamba akashikwa na kupe, mwanangu akampeleka kwa mtu mmoja anayechoma mifugo. Akapigwa nusu mililita ya dawa ambayo mililita moja ni ya ndama wa kilo 50. Mizani hakuna, aliyeuliza uzito hakuna. Niliporudi nilimkuta amelala ubavu, mate yanamtoka, mboni za macho zimepanuka kama za mtu aliye gizani, anapepesuka akijaribu kunifuata. Tulikesha naye siku tatu tukimnywesha maji kwa bomba la sindano. Alipona. Tangu siku ile, kabla ya dawa yoyote, namweka Pamba kwenye kikapu, nakipeleka duka la jirani kwenye mizani ya kupimia dagaa, natoa uzito wa kikapu, naandika kwenye daftari. Fanyeni hivyo. Anayetaka kumchoma mbwa wako bila kumpima, mnyang'anye mbwa wako.

Mengine mawili. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi na wanafukuza vitu vinavyotembea, kwa hiyo njiani fungeni vioo na msimbebe kwenye begi la bluu. Na kwa kuwa aina moja ya vimelea vya nagana huleta malale kwa binadamu, yeyote kati yenu aliyekuwa shambani akishikwa na homa aende hospitali, aseme wazi kwamba aliumwa na mbung'o.

Kwa kuwa ni mdogo, chanjo apewe nusu? (Katubuka)

La. Chanjo ndiyo isiyofuata uzito: kilo tatu au kilo arobaini, dozi ni ileile kamili. Ya kichaa apewe akifika miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Udogo wa mwili haumkingi mbwa na kichaa.

Anakula tunachokula: ugali, migebuka, mchuzi wa mawese. Kuna ubaya? (Kibirizi)

Ugali kidogo hauna neno. Mgebuka mzuri sana, ila uchambue kwa vidole vyako mwenyewe, mwiba kwa mwiba, maana koo lake ni jembamba. Dagaa loweka, suuza chumvi na mchanga, chemsha bila kitu. Mawese ndiyo tatizo. Mafuta mengi huwasha kongosho la mbwa wadogo: anatapika, anakunja mgongo, tumbo linauma ukiligusa. Na mchuzi wetu una vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mpikie chake kabla hujaunga. Mifupa ya kuku iliyopikwa, zabibu na chokoleti, kamwe.

Meno yake yamebanana kwenye taya dogo na huoza mapema. Mswakie kwa mswaki wa mtoto na maji matupu. Dawa ya meno ya watu si yake.

Manyoya yamesokotana kama mkeka. Nimnyoe kipara? (Ujiji)

Nywele za Maltese zinaendelea kukua kama zetu, na hazipukutiki sana, kwa hiyo zilizokufa zinabaki ndani na kufunga mafundo. Tafuta nyuma ya masikio, kwapani, na pale mkanda wa shingo unapokaa.

Usimwogeshe kwanza. Maji yanalikaza fundo likawa kama kamba. Mweke mapajani, tia tone la mafuta ya nazi kwenye fundo, lishike kwa vidole karibu na ngozi ili asivutwe, kisha lifungue kidogo kidogo kwa vidole vya mkono mwingine. Ndipo chanuo la chuma liingie, likianzia nchani kwenda juu, kamwe si toka kwenye ngozi. Pamba anapolala usingizi katikati ya kazi hii najua mkono wangu uko sawa. Baada ya hapo muogeshe kwa shampuu ya mbwa, si sabuni ya unga, na umkaushe mpaka ndani, hasa masika.

Kama huna dakika kumi kila siku, mpunguze zibaki kama sentimita mbili. Ni uamuzi wa busara, hasa kwa joto na vumbi jekundu la kwetu. Kipara hapana, jua litamchoma ngozi.

Naishi nyumba ya kupanga, wenzangu ni Waislamu. Mbwa anawakimbilia kuwalamba wakitoka kutawadha. Wamekasirika. (Ujiji)

Wana haki, na usiwabishie. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Fikiria mama anayewahi magharibi alambwe mguuni. Nenda ukawaombe radhi wewe mwenyewe.

Kisha tengeneza mambo. Mpe mbwa mkeka wake ndani ya chumba chako. Kila bomba la uani linapofunguliwa, muite mkekani umpe kipande cha samaki. Siku za kwanza atasitasita; ukishikilia, baada ya wiki chache atakimbilia mkekani akisikia maji tu. Mlango wako uwe na kizuizi cha mbao cha kufika gotini, kwake huo ni ukuta. Bakuli lake lisikae karibu na ndoo za watu, na uani apite akiwa na kamba.

Michirizi ya kahawia chini ya macho ni ugonjwa? (Bangwe)

Mara nyingi ni rangi iliyomo kwenye machozi yenyewe, inaonekana kwa sababu ni mweupe. Futa kila asubuhi kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Jicho moja likianza ghafla, au likitoa usaha, au akilifumba, hilo ni la daktari.

Akikimbia anakunja mguu wa nyuma mara mbili tatu, kisha anakanyaga kama kawaida. (Mwanga)

Pia ya goti inateleza nje ya njia yake. Ni kawaida kwa mbwa wadogo. Akaguliwe. Asinenepe, na umwekee kigoda cha kushukia kitandani.

Nikienda kazini majirani wanasema analia mpaka nirudi. Nimeambiwa nimchape. (Gungu)

Usimchape, tafadhali. Mbwa huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa moja, kutaka kuwa karibu na mtu. Analia kwa sababu hajui kama utarudi. Mfundishe: shika funguo, kaa chini tena. Toka dakika moja, rudi kimya bila shangwe. Kesho mbili, halafu tano, halafu nusu saa. Muachie kanga yako uliyoivaa, isiyofuliwa, na mtembeze asubuhi kabla jua halijachoma.

Lakini kama nyumba inabaki tupu toka alfajiri mpaka usiku, siku sita kwa wiki, nakuomba kitu kigumu: tafuta nyumba yenye bibi anayeshinda barazani, umpeleke awe anashinda naye. Mmoja wa wateja wangu alifanya hivyo. Jioni anapokwenda kumchukua, anawakuta wote wawili wamesinzia, mchele uko kwenye ungo haujamalizwa kuchaguliwa.