Dhamana imekwisha na chipu imekufa: je, mtengenezaji bado anawajibika?

Swali: Kompyuta yangu ya mpakato imeacha kuonyesha picha miezi minne baada ya dhamana kwisha. Fundi ameipima na kusema chipu ya michoro imekufa. Je, mtengenezaji hana wajibu wowote tena?

Jibu: Ndugu msomaji, chanzo cha hitilafu kina uzito kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye dhamana. Betri hudhoofika kwa kuchajiwa na feni huchakaa kwa kuzunguka; kumdai mtengenezaji kwa uchakavu wa namna hiyo baada ya muda kupita si haki, kwa kuwa gharama yake ingeongezwa kwenye bei ya kila mnunuzi.

Kasoro ya usanifu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu imo ndani ya kifaa tangu siku kilipouzwa. Chipu ya michoro hupata moto na kupoa kila mara, na lehemu inayoishikilia hutanuka na kusinyaa. Malighafi zikichaguliwa vibaya, nyufa hutokea mapema mno. Mwaka 2008 NVIDIA, kampuni inayounda chipu za michoro, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zikiharibika katika kompyuta za mpakato, na Apple ikakubali kutengeneza bure kompyuta zake za MacBook Pro zilizoathirika, hata zile ambazo dhamana yake ilikuwa imekwisha. Mwaka 2024 Intel nayo iliongeza miaka 2 ya dhamana kwa prosesa zake (chipu kuu za kompyuta) za kizazi cha 13 na 14 zilizokumbwa na tatizo la volteji.

Kwa maoni yangu, huo ndio wajibu wa kila mtengenezaji, na haifai asubiri kushtakiwa, kwani yeye ndiye wa kwanza kuona vifaa vya aina moja vikirudishwa kwa kasoro ileile.

Kwa hiyo, chunguza kwanza kama wenye modeli kama yako wamepatwa na hitilafu hiyohiyo. Usimruhusu fundi kuipasha chipu moto ili ifufuke: nafuu yake huwa ya muda mfupi, na mtengenezaji anaweza kukataa kifaa kilichokwisha kuguswa. Kisha andika barua pepe yenye namba ya mfululizo ya kifaa (serial number), nakala ya risiti na maelezo ya fundi, ukiuliza waziwazi kama kuna mpango wa matengenezo ya bure kwa modeli hiyo. Ukijibiwa tu kwamba muda umepita, omba suala lipelekwe ngazi ya juu, na usikawie, kwa maana mipango hiyo nayo huwa na ukomo unaohesabiwa tangu siku ya ununuzi.