Ukimwambia "legeza koo," atalikaza zaidi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza kwaya hapa Malindi, na tangu mwaka jana nafundisha vijana 5 uimbaji wa klasiki, ule wa opera. Mmoja ni soprano, sauti ya juu ya kike, wa miaka 19. Sauti anayo, ila akipanda juu taya linakaza na noti inashuka kidogo. Kila mara namwambia, "Unakaza koo, legeza," na wenzake wapo, maana tunajifunza pamoja. Wiki ya pili sasa haji. Mama yake anasema nimemvunja moyo binti yake. Nikikosoa naonekana mkali, nikinyamaza ataharibu sauti. Nishike lipi?
— Mwalimu wa kwaya, Barani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nenda kwao. Usitume ujumbe, nenda kwa miguu yako jioni, unywe chai yao, umwambie binti mbele ya mamake kwamba ulikosea kumsema mbele za watu. Mtu akikosolewa wenziwe wakimtazama, hasikii habari za taya. Anawasikia wenziwe.

Hilo la adabu ni jepesi. Mimi linalonishughulisha ni hayo maneno yenyewe, "unakaza koo."

Nilipokuwa na umri kama wake nilifundishwa na bibi mmoja wa Kitaliano hapa hapa Malindi, nyumba iliyoelekea baharini. Nikimaliza wimbo alikuwa akifunga kifuniko cha piano taratibu, anasema, "Hapana. Tena." Miezi minane! Kwamba ni vibaya nilijua. Kilicho kibaya sikukijua. Nikaanza kubahatisha. Nikapanua mdomo kama changu aliyetolewa majini, na kosa moja likawa matatu. Wewe umemzidi yule bibi kwa neno moja tu: umetaja koo. Lakini binti afanye nini nalo?

Soprano akiishika ile noti iitwayo "la," iliyo juu ya mistari ya muziki, nyuzi zake za sauti hukutana mara 880 kwa sekunde. Nani anaweza kuziamuru kama vidole? Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Manuel García alijitia kioo kidogo kooni, akautumia mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Na kabla ya hapo alikuwa amefundisha miaka mingi kwa sikio tu. Koo ukilitaja, mwanafunzi hulifikiria, na akilifikiria hulishika.

Basi mpe anachoweza kukishika. Mwambie aseme "ng'ombe," lakini abaki kwenye ng' asiifikie o. Ng' hiyo apande nayo noti 5 polepole, kidole kikiwa kidevuni, kidole chake, si chako. Akifika juu afungue "a," kidevu kisikisukume kidole mbele. Walimu wa Ulaya wanaitumia sana sauti hii. Sisi tumekua nayo mdomoni. Kisha tazama mbavu. Mara nyingi koo hukaza kwa sababu limeachiwa mzigo wa mbavu: pumzi imetoka yote kwenye neno la kwanza, noti ya juu inapofika hakuna kitu. Na kama neno lenyewe lina "i," huko juu aielekeze kidogo kwenye "e," itapata nafasi.

Haya yote usiyaseme siku moja. Mimi huandika makosa yote daftarini, nikasema moja, akaimba tena hapo hapo kabla sijatia neno. Yaliyobaki yatangoja, mengine huondoka yenyewe lile moja likitengenea.

Kabla hujasema, muulize: "Umesikia nini?" Mwimbaji hujisikia kwa mifupa ya kichwa pia, kwa hiyo sauti aijuayo yeye siyo tuisikiayo sisi. Jibu lake litakuonyesha pa kuanzia. Na akipatia, usimwambie "vizuri sana" ukanyamaza. Mwambie, "Kwenye 'a' ya pili taya lilitulia, noti ikasimama." Hapo ana pa kurudi kesho.

Akisema panauma, hakuna cha mazoezi, funga somo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

SWALI: Mwalimu, mwanafunzi wangu yuko Lamu, mimi niko Malindi. Hunitumia sauti kwa WhatsApp nimkosoe. Yafaa?
— Msomaji

JIBU: Yafaa kwa tuni, maneno, mapigo, na pale anapovuta pumzi katikati ya neno. Ung'avu wa sauti usiuhukumu kwa simu. Simu huzibana noti kubwa na kuziinua ndogo, kwa hiyo utamlaumu kwa kosa la chombo. Mwambie aiweke mbali, hatua kama tatu, na azime feni. Nawe ukijibu, imba kile kipande ulichokisikia, kisha kiimbe unavyotaka kiwe. Usimpelekee maneno matupu ya kuandika: "umeshuka" iliyoandikwa usiku wa manane husomeka kama tusi, hata ukiitia maua.