Bi Mkubwa Anajibu: Mama hataki jina la mgahawa wetu

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na mdogo wangu Mussa tunafungua mgahawa. Tumeunganisha majina yetu, Sudi na Mussa, tukapata SUMU CAFE. Fundi ameshachora bango. Mama ameliona, kasema hakanyagi pale. Mussa anasema watu watacheka halafu watakuja. Tufanyeje?
Sudi, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yenu yuko sahihi kabisa, na ningekuwa jirani ningekuja kulishusha hilo bango kwa mikono yangu.

Ninyi mkilisoma mnaona Sudi na Mussa. Abiria aliyeshuka basi na njaa yake anaona sumu. Huyo wa kucheka atacheka, atapiga picha, kisha atakwenda kula kwingine. Hebu fikiria risiti: "SUMU CAFE, wali maharage 1". Na siku mteja akiumwa tumbo, hata kama ni kwa maembe mabichi aliyokula kwao, Korogwe nzima itasema alikula Sumu.

Wapo waliowatangulia. Mwaka 1957, Santa Barbara kule Marekani, Sam Battistone na Newell Bohnett walifungua mgahawa, wakaunganisha Sam na Bo, ukaitwa Sambo's. Kwa Kiingereza sambo ni tusi la kuwadharau watu weusi, nao wakazidisha kwa kupamba kuta na picha za hadithi ya mtoto wa jina hilo. Walifikisha migahawa zaidi ya 1,100, lakini malalamiko yaliwaandama. Kampuni ilifilisika mwaka 1981. Mgahawa ule wa kwanza ulibaki na jina hilo hadi 2020, ndipo likashushwa.

Mimi nimeuza pilau Tanga, karibu na stendi, miaka 14. Bango langu lilikuwa na jina la fahari kwa rangi ya dhahabu, na sikumsikia mteja akilitaja hata siku moja. Walisema, "Twende kwa Bi Mkubwa." Basi andikeni KWA SUDI NA MUSSA, maana ndivyo watakavyowaita.

Badilisheni kabla hamjasajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Jina likishaingia kwenye cheti na leseni, kulitoa ni safari za ofisini. Ubao msiutupe: fundi aupige msasa, apake rangi mpaka herufi za zamani zisichungulie, aache ikauke ndipo aandike. Na siku ya kufungua, sahani ya kwanza mpelekeeni mama.